Chawa kichwani, mafuta ya taa mkononi

*Dawa za nyumbani za chawa wa wanafunzi ni nyingi. Chache zinasaidia, baadhi zinaweza kuua mtoto, na ile iliyo bora haiuzwi kwa chupa.*

Ni Jumapili alasiri, Magomeni, Dar es Salaam. Uani kwenye nyumba ya wapangaji, msichana wa darasa la tano amekaa juu ya kigoda, kichwa amekilaza mapajani mwa shangazi yake. Shangazi anafumua twende kilioni zilizosukwa wiki iliyopita tu. Anatenga fungu moja la nywele, analivuta kwenye mwanga, anakibana kitu kati ya kucha mbili za vidole gumba. Ta! Mwingine huyo.

Kando ya kigoda imesimama chupa ya maji ya nusu lita. Ndani hamna maji, mna mafuta ya taa yaliyonunuliwa dukani kwa Mangi. Hatua tatu kutoka hapo maharage yanachemka kwenye jiko la mkaa.

Msichana anasoma bweni, shule binafsi. Amerudishwa nyumbani Alhamisi, na matroni amesema asirudi mpaka kichwa kiwe safi. Mitihani ni wiki ijayo. Majirani wameshatoa ushauri wao. Mmoja anasema apakwe mafuta ya taa, afungwe kilemba alale nayo. Mwingine anasema dawa ya mbu ya kupuliza, ndiyo kiboko. Bibi wa chumba cha mwisho anaona haya yote ni kujisumbua: anyolewe, yaishe. Shangazi hataki hata kulisikia hilo la wembe, maana nywele zile zimechukua miaka kufika mabegani.

Katika nyumba nyingi za Kiswahili jambo la chawa hukaa hapo, kati ya chupa na wembe, na kila upande una shahidi wake aliyepona.

Mdudu na tabia zake

Chawa tunaowazungumzia hapa ni wa kichwani. Wale wa siasani wana kurasa zao.

Chawa mzima ana milimita 2 hadi 3, sawa na punje ya ufuta. Hana mabawa, haruki. Ana miguu sita yenye kucha zilizoumbwa kushika unywele, na huhama kwa kutambaa kutoka kichwa hadi kichwa vinapogusana. Watoto wanaolala kitanda kimoja, wanaoinamia daftari moja na wanaosukana wakati wa mapumziko hawana la kufanya, watagusana tu.

Jike huishi takriban mwezi mmoja na hutaga mayai hadi 8 kwa siku. Kila yai hugandishwa kwenye shina la unywele, karibu kabisa na ngozi ya kichwa ambako kuna joto, kwa gundi isiyotoka kwa maji wala sabuni. Kinda hutoka baada ya siku 7 hadi 10, naye huchukua siku nyingine 9 hadi 12 kabla ya kuanza kutaga. Hesabu hii ndiyo inayowashinda wengi. Dawa inayoua wakubwa leo na kuacha mayai imeahirisha kazi kwa wiki moja.

Wazazi wengi huchanganya mayai na mba. Njia ya kutofautisha ni rahisi: puliza au kung'uta. Mba utaanguka. Yai la chawa litabaki pale pale, na kuling'oa itabidi ulikokote kwa kucha mbili kutoka kwenye shina hadi nchani.

Akitoka kichwani, chawa hana maisha marefu. Bila damu hufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kufukiza chumba, kuanika godoro wiki nzima na kuchoma mito ni jasho la bure. Inatosha kufua kwa maji ya moto mashuka, foronya, kofia na mitandio iliyovaliwa siku mbili zilizopita.

> Chawa wa kichwani hachagui kichwa kichafu wala kisafi. Anachotaka ni nywele, joto na damu.

Hofu ya wazee kwa mdudu huyu ina asili yake. Yuko ndugu yake, chawa wa mwilini, anayejificha kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa, na huyo ni hatari kweli. Mwaka 1909, akiwa Tunis, daktari Mfaransa Charles Nicolle alionyesha kwamba ndiye anayeeneza homa ya tifasi, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Na si historia ya mbali. Katika miaka ya 1990 tifasi ililipuka Burundi, kwanza kwenye gereza la Ngozi, kisha kambini miongoni mwa watu waliokimbia vita, ikashika maelfu kwa maelfu. Chawa wa kichwani hana sifa hiyo. Anawasha, anakosesha usingizi, mtoto akijikuna sana ngozi huchubuka na kutunga usaha. Lakini haenezi tifasi darasani.

Kuna pia wanaoamini chawa ni wa Wazungu na Wahindi, kwamba nywele zetu za kipilipili haziwezi kuwabeba. Imani hiyo ina chembe ya ukweli kutoka mbali: huko Marekani, watoto weusi huambukizwa kwa nadra zaidi kuliko wengine, na maelezo yanayotolewa ni kwamba kucha za chawa wa kule zimezoea nywele za umbo jingine. Chawa wa huku wamezoea nywele za huku. Kilichowapunguza katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania Bara ni mashine ya kunyolea, kwa kuwa huko wavulana na wasichana wote hunyoa. Penye nywele ndefu, kwenye shule binafsi zinazoruhusu kusuka, kwenye mabweni, na Zanzibar ambako nywele za wasichana hukaa chini ya mtandio, chawa wapo.

Chupa ya hatari

Mafuta ya taa yanaua chawa. Hapo ndipo penye mtego, maana mzazi huona wadudu wamelala kwenye kitambaa cheupe na kuamini kazi imekwisha. Mayai mengi hubaki. Na wakati huo mtoto amefungwa kichwani kitu ambacho mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 38, katika nyumba yenye jiko la mkaa, mshumaa au koroboi. Kilemba kinachoaminika kuzuia harufu ndicho kinachobana mvuke huo kwenye nywele. Hospitali katika nchi mbalimbali zimepokea watoto walioungua kichwa na uso kwa namna hiyo.

Moto ukikosekana, bado ngozi ya kichwa iliyochubuliwa na kucha huungua kwa mafuta yenyewe. Kisha kuna chupa iliyobaki. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ni miongoni mwa sumu zinazomezwa sana na watoto wadogo katika nchi zetu. Yakipotelea mapafuni, huko ndiko yanakofanya madhara makubwa.

Pale Magomeni chupa haikufunguliwa. Mpangaji mmoja, muuguzi aliyekuwa anatoka zamu, alipita uani, akaitazama ile chupa, akalitazama jiko, akamwomba shangazi aiondoe kwanza ndipo wazungumze.

Dawa ya mbu ya kupuliza imetengenezwa kwa ajili ya chumba kisicho na mtu. Kichwa cha mtoto kina macho na pua karibu. Ila kuna kitu kibaya kuliko hivyo viwili, nacho hutumika zaidi kwa wafugaji: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hizi zimekolezwa ili kofia moja ya chupa ichanganywe na ndoo nzima ya maji, na baadhi zina kemikali zinazoshambulia mishipa ya fahamu ya binadamu kama zinavyoshambulia ya kupe. Hupenya kwenye ngozi. Mtoto huanza kutoka mate mengi au kulegea na kusinzia kupita kawaida, anatapika, anaweza kupata degedege au kushindwa kupumua. Hakuna chawa anayestahili gharama hiyo.

> Kilemba kinachoaminika kuzuia harufu ya mafuta ya taa ndicho kinachobana mvuke wake kwenye nywele.

Vitu vya jikoni

Kundi la pili la dawa za nyumbani halina madhara makubwa, lakini halina nguvu kubwa pia. Humo mna siki, ndimu, mafuta ya nazi, Vaseline, kitunguu saumu, na siku hizi mayonizi, iliyotuingia kwa njia ya simu.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kujaribu vitu sita vya namna hiyo: siki, spiriti, mafuta ya zeituni, mayonizi, siagi iliyoyeyushwa na mafuta ya mgando. Hakuna hata kimoja kilichomaliza tatizo. Kilichofanya vizuri zaidi ni mafuta ya mgando, hasa kwa mayai, kwani yaliyopakwa ni asilimia 6 tu ndiyo yaliyoanguliwa. Aliyewahi kujaribu kuyaosha mafuta ya mgando kwenye nywele za kipilipili anajua kwa nini hata hivyo si suluhisho la kila nyumba. Watafiti hao waliwazamisha chawa majini pia, na kukaa humo muda mrefu hakukuwadhuru sana. Chawa hufunga vitundu vyake vya kupumulia akasubiri. Kwa hiyo kumpeleka mtoto akaoge baharini, ushauri unaosikika sana ukanda wa pwani, ni matembezi mazuri tu.

Mwarobaini unahitaji sentensi zake. Mwaka 2007 shampuu yenye dondoo la mbegu za mti huo ilijaribiwa kwa watoto wenye chawa nchini Misri, na matokeo yalitia moyo. Lakini lile lilikuwa dondoo lililopimwa, si majani yaliyotwangwa uani bila kipimo. Atakayejaribu apake nje tu. Mafuta ya mwarobaini yaliyonyweshwa watoto wachanga yamewahi kuwaletea sumu kali mwilini.

Siki haiyeyushi gundi ya mayai kama inavyodaiwa. Ndimu kwenye kichwa kilichokwaruzwa ni kumliza mtoto bure.

Kitana

Silaha ya kale kuliko zote ndiyo inayobaki na heshima. Huko Lachish, nchini Israel, wachimbaji wa mambo ya kale waliokota kitana kidogo cha pembe ya ndovu, urefu wake hauzidi sentimita 4. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba kimechongwa maandishi ya Kikanaani ya miaka takriban 3,700 iliyopita, na kwamba maandishi hayo ni dua: kitana hiki kiwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Ni miongoni mwa sentensi za kwanza kabisa kupata kuandikwa kwa alfabeti, na inahusu shida ileile ya Magomeni.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio la haki la Uingereza kati ya kitana na dawa za dukani zilizokuwa zikitumika nchini humo. Watoto waliochanwa kwa kitana chenye meno yaliyobanana, nywele zikiwa zimelowa na kulainishwa kwa kondishena, walipona asilimia 57. Waliopakwa dawa walipona asilimia 13.

Asilimia 57 si ushindi wa kupigia vigelegele, na nywele za Waingereza si zetu. Kitana chenye meno ya kushika yai la chawa hakipenyi kwenye nywele kavu za kipilipili, kitavunjika au mtoto atakimbia. Kazi inawezekana hivi. Fumua misuko yote, maana chawa chini ya msuko hafikiwi na chochote. Osha nywele, usizikaushe, paka kondishena kwa wingi au mafuta ya nazi mpaka zilegee. Tenganisha kwanza kwa chanuo la meno makubwa. Gawa kichwa mafungu madogo kama unayetaka kusuka. Ndipo upitishe kitana kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, ukikifuta kila mara kwenye kitambaa cheupe ili uone unachotoa. Nyuma ya masikio na kisogoni ndiko wanakopenda kukaa. Pale kitana kinapogoma, kucha za shangazi zinafanya kazi vilevile.

Rudia kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili. Ukiacha kwa sababu mtoto ameacha kujikuna umeacha mapema, kwani mwasho hauendi sambamba na chawa. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza unaweza kuchelewa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza.

Na kunyoa? Bibi wa chumba cha mwisho ana haki yake. Chawa hutaga kwenye unywele, na usipokuwepo unywele hana pa kutaga. Kwa mtoto asiyejali, kunyoa ni njia ya haraka na isiyo na sumu, alimradi mashine imesafishwa, vinginevyo atatoka na mapunye. Lakini kwa msichana wa darasa la tano, kurudi shuleni na kipara ambacho kila mtu anajua sababu yake ni adhabu. Aulizwe kwanza.

Pareto ya Mufindi inarudi kwenye chupa

Wanaosimama upande wa duka la dawa wana hoja nzito: mama anayetoka kazini saa moja usiku hana saa mbili za kuchambua kichwa kila baada ya siku tatu.

Dawa ya kale ya maduka hayo inatoka kwetu. Maua ya pareto yanayolimwa Mufindi na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini hukaushwa, na kiwanda cha Mafinga hukamua humo sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya wadudu. Kenya nayo kwa miongo kadhaa ilikuwa mlishaji mkuu wa dunia. Mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza kwa mikono yao sumu inayoiga ile ya pareto lakini isiyoharibiwa na jua, permethrini. Ndiyo iliyotiwa kwenye vyandarua, na ndiyo iliyomo kwenye losheni ya chawa, kwa kiwango cha asilimia 1. Hupakwa kwenye nywele zilizooshwa, husubiriwa dakika 10, husuuzwa, kisha hurudiwa siku ya 9 hivi ili kuwapata walioanguliwa baadaye.

Tatizo ni lile tunalolijua kwa mbu: usugu. Utafiti wa chawa wa majimbo 48 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta mabadiliko ya vinasaba yanayoleta usugu kwa karibu chawa wote waliopimwa. Ndiyo maana madaktari wengi sasa wanapendelea dimetikoni, mafuta ya silikoni yasiyo na sumu ya mishipa, ambayo humfunika chawa na kumziba. Chawa hazoei kuzibwa kirahisi hivyo.

BBE, ile dawa nyeupe ya upele inayojulikana kila zahanati, imetumika kwa chawa pia, ila huchoma ngozi iliyochubuka na ikiingia machoni ni kilio. Vidonge vya ivermektini, vilevile vya kingatiba ya matende na usubi, vinaua chawa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha asilimia 95 ya waliomeza walikuwa safi baada ya siku 15. Hivyo ni kwa agizo la daktari, kwa chawa walioshinda dawa nyingine, na si kwa mtoto wa chini ya kilo 15. Vidonge vilivyobaki kabatini visigeuzwe dawa ya chawa ya familia.

Mlango wa bweni

Matroni naye asikilizwe. Ana wasichana arobaini katika ukumbi mmoja, na wazazi wanaopiga simu kuuliza kwa nini mtoto wao amerudi na wadudu. Kumtoa mmoja ni jambo linaloonekana. Wazazi wanatulia.

Ila halisaidii. Kufikia siku chawa wanaonekana, mtoto amekaa nao wiki kadhaa na vichwa vya jirani zake vimeshagusana na chake mara nyingi. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinasema waziwazi kwamba mtoto mwenye afya asizuiwe masomo kwa sababu ya chawa au mayai. Anaweza kumaliza siku, akatibiwa jioni, akarudi kesho yake. Kinachopunguza chawa bwenini ni kukagua vichwa vyote usiku mmoja, faraghani, na kuwatibu waliokutwa nao kwa pamoja. Asiyetibiwa atawarudishia wenzake.

Aibu ndiyo inayoharibu yote haya. Mtoto anayejua atachekwa hujikuna gizani na kunyamaza, mzazi anayejua atasemwa hununua mafuta ya taa usiku, na shule inayojali jina lake inamtoa mmoja na kuacha tisa.

Mkuu wa shule unayesoma makala hii, futa sharti la kichwa safi kabla ya darasa, na mnunulie matroni vitana vya kutosha. Mzazi uliyekwisha kupaka mafuta ya taa, mtoe mtoto mbali na moto sasa hivi, fungua kilemba, osha kichwa kwa sabuni na maji mengi, vua nguo zilizolowa. Akiwa ameyameza au ameanza kukohoa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na nenda na chupa.